Mgeta, kwa Wafugaji wa Mbuzi wa Maziwa

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, gari la Mgeta huiacha barabara kuu pale Sangasanga na kukata kushoto. Linapita Mzumbe penye chuo kikuu, linapita Mlali, kisha linaanza kupanda. Kuanzia hapo abiria hupunguza maneno, maana kila mtu ana kitu cha kushikilia: chuma cha kiti, mtoto, ndoo tupu za kurudisha shambani. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni korongo. Malori yanayoteremka yamejaa kabichi, karoti na njegere, mzigo wa Morogoro na Dar es Salaam, na dereva wetu alikuwa akirudi nyuma hadi penye upana ili kuyapisha, bila haraka wala manung'uniko. Madirisha yaliyofunguliwa Mlali kwa sababu ya joto yakafungwa moja baada ya jingine. Tulipofika Nyandira, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wenyeji walikuwa wamevaa masweta na makoti mchana kweupe.

Watu wengi hupanda huku kwa ajili ya mboga, na wengine kwa ajili ya msitu wa Uluguru. Mimi nilifuata mbuzi.

Nina kiwanja Mkuranga, hakifiki ekari moja, chenye mikorosho michache, minazi na muhogo. Kwa muda mrefu nimetamani maziwa ya kukamua nyumbani, na kila nilipopiga hesabu ya ng'ombe, hesabu ilikataa. Ng'ombe wa maziwa anataka majani mengi, maji mengi na mtu wa kumshughulikia kutwa nzima. Mbuzi anaingia penye nafasi ndogo. Chakula cha ng'ombe mmoja kinaweza kuwatosha mbuzi watano au sita, mama mjamzito au kijana wa darasa la saba anaweza kumshika mbuzi na kumkamua bila kuogopa teke la kuvunja mfupa, na maziwa yake ya asubuhi yanaisha siku hiyohiyo katika nyumba isiyo na friji.

Marekani wapo wanaofuga nyuma ya nyumba mbuzi wa maziwa wadogo kabisa, aina inayoitwa Nigerian Dwarf. Jike lake halizidi sentimita 57 hivi begani, lakini hutoa lita moja au zaidi kwa siku, tena maziwa mazito yenye mafuta mengi. Asili yao ni Afrika Magharibi, kwa mbuzi vibete wa nchi za misitu, wanaosifika kwa kuhimili ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o. Walisafirishwa ng'ambo karne iliyopita, wengine wakaishia kwenye bustani za wanyama, na baadaye watu wakawachagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya maziwa. Napenda habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba mbuzi mdogo wa Kiafrika anaweza kuwa mbuzi wa maziwa akipewa nafasi. Ila sikuona haja ya kuagiza mnyama kutoka Marekani wakati Uluguru ipo, na watu wake wamekuwa wakiifanya kazi hiyohiyo kwa njia yao tangu miaka ya 1980.

Ilikuwa katika miaka hiyo mbuzi wa maziwa kutoka Norway walipoletwa Morogoro, kwenye chuo ambacho mwaka 1984 kilifanywa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA). Huko chini kwenye joto la mji hawakustawi kama ilivyotarajiwa, lakini Mgeta kuna baridi, ukungu na majani mwaka mzima. Wakapelekwa huko. Wataalamu wa SUA na wenzao wa Norway wakashirikiana na wanakijiji, mabeberu wa Kinorwe wakapandishwa kwa mbuzi wadogo wa kienyeji, na chotara wakaanza kuzaliwa. Leo ukipita vijiji vya tarafa hii ya Mgeta utawaona vibandani: wengine weupe, wengine wa kijivu, wengine wenye mabaka, ndevu ndefu, masikio yaliyosimama, na viwele vikubwa ambavyo mbuzi wa kienyeji hana.

Mwenyeji wangu Nyandira alikuwa mama mwenye wajukuu, mjane, ambaye shamba lake limelala kwenye mteremko mkali kiasi kwamba nilipanda kwake kwa kushika mashina. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia akiwa ameinama anafyeka, na kabla sijakaa akaniuliza kama nimekuja kununua au kujifunza. Nikamwambia yote mawili. "Basi tuanze na kujifunza, mwanangu," akasema, "kununua ni kwa mwisho." Nilidhani tutaelekea bandani. Akanipeleka kwenye majani.

Kingo zote za matuta yake zimepandwa majani ya malisho. Kuna mabingobingo, kuna majani ya Guatemala yenye kutu kidogo kwenye ncha, na katikati yake vichaka vya miforosadi alivyovikata mara nyingi hadi vikatoa matawi mengi mafupi. Milima hii ina historia ndefu na matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ililazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwa mpango wa kuhifadhi ardhi. Kazi ilikuwa nzito, udongo wa chini usio na rutuba ukaletwa juu, mavuno hayakuongezeka, na mwaka 1955 watu walikataa kwa vurugu hadi mpango ukafa. Hapa kwa mama huyu, makinga maji ya majani yanashika udongo na hakuna aliyemlazimisha. Anayahitaji. Kila ukingo ni sahani ya mbuzi, na kila jani linalokatwa huota tena.

"Mbuzi wa maziwa hafungwi kamba akazunguka," aliniambia. Huku mlimani mbuzi wanaozurura ni ugomvi na majirani na ni maporomoko ya udongo. Maji ya milima hii yanaingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam, kwa hiyo hata mimi niliyetoka pwani nina haki ya kufurahi kwamba mbuzi wa Nyandira wanalishwa bandani. Lakini kulisha bandani maana yake ni kwamba miguu inayotafuta chakula ni ya mfugaji. Mbuzi wa kilo 40 anataka kilo tano hadi saba za majani mabichi kila siku, Jumapili na sikukuu, masika na kiangazi. Mama aliniwekea mzigo wa siku moja wa mbuzi wake kichwani ili niubebe hadi bandani, na kwa kweli nilifika nimeloa jasho katika baridi ile.

Ninaamini hapa ndipo wengi wanaoanza hupotea, na ndilo jambo ninalotaka msomaji alichukue kwa uzito kuliko mengine yote nitakayosimulia. Tunaanza na mnyama. Tunamwona, tunampenda, tunatafuta fedha, tunamleta, kisha ndipo tunatoka na panga kutafuta majani ya kumpa. Kwa miezi ya mvua tunafanikiwa. Ikifika Septemba tunampa makuti na maganda ya ndizi, maziwa yanakauka, mbuzi anakonda, na tunasema mbuzi wa maziwa ni hadithi. Mama wa Nyandira alipanda malisho, akayaacha yakomae, akayakata mara ya kwanza akampa jirani, akayaangalia yakiota tena, na hapo ndipo alipokwenda kwenye kikundi cha wafugaji kuomba mbuzi.

Mbuzi pia si kondoo wala ng'ombe kwa jinsi anavyokula. Anapenda kula akiinua kichwa, majani ya miti kuliko nyasi, na anachokikanyaga hakirudii. Hori la mama limeinuliwa, limejengwa nje ya ukuta, na mbuzi hutoa kichwa kupitia upenyo wa mbao kufikia chakula. Hakuna jani linaloangukia kwenye kinyesi. Alinionyesha pia anavyochanganya: mabingobingo kwa kushibisha, miforosadi na majani ya jamii ya kunde kwa ajili ya maziwa, na wakati wa kukamua karibu nusu kilo ya pumba za mahindi iliyochanganywa na mashudu ya alizeti. Jiwe la chumvi linaning'inia pembeni. Maji yapo muda wote, kwa sababu maziwa ni maji kwa sehemu kubwa na mbuzi aliyekosa maji mchana hupunguza maziwa jioni ileile.

Banda lenyewe limesimama kwenye nguzo, sakafu ikiwa juu ya ardhi karibu mita moja, limejengwa kwa miti na mabanzi. Kati ya banzi na banzi kuna upenyo wa kupitisha kidole kimoja, kinyesi kinadondoka, kwato za vitoto hazizami. Upande unaopigwa na upepo wa usiku umezibwa kabisa. Huku nimonia huua vitoto kuliko ugonjwa mwingine wowote, aliniambia mama, na dawa ya kwanza ni ukuta. Dawa ya pili ni sakafu kavu.

Chini ya banda kuna hazina. Samadi ya mbuzi hukusanywa, huachwa ioze, kisha hupelekwa kwenye kabichi na karoti. Kijana wake mmoja, ambaye kazi yake hasa ni mboga, aliniambia bila kusita kwamba hata maziwa yangekatika angeendelea kufuga kwa ajili ya samadi. Mbolea ya dukani hupanda bei, na huku mlimani kila mfuko unabebwa kichwani kutoka barabarani. Sikuwahi kuweka samadi kwenye hesabu zangu. Mashamba ya mchanga ya Mkuranga yanaihitaji pengine kuliko hata yale ya Mgeta.

Siku iliyofuata tulikwenda kwa mzee anayetunza beberu wa kikundi. Utamnusa kabla hujamwona. Beberu wa maziwa aliyekomaa ana harufu kali inayong'ang'ania nguo na mikono, na maziwa huivuta harufu hiyo kwa urahisi, ndiyo maana banda lake liko mbali, chini ya upepo, na anayekamua hamgusi. Watu wanaosema maziwa ya mbuzi yananuka mara nyingi wamekunywa maziwa yaliyokamuliwa jirani na beberu, au kwenye chombo kichafu.

Mzee yule ana daftari. Ndani yake kuna tarehe, jina la mfugaji, jina la mbuzi, na beberu aliyempanda. Aliniambia hilo ndilo linalotenganisha mfugaji na mtu mwenye mbuzi. Jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe hudumu siku moja au mbili. Utamjua kwa kutikisa mkia mfululizo, kulia bila sababu, kupanda wenzake na kupunguza kula. Ukichelewa, umesubiri tena wiki tatu. Akipandishwa na asirudi, hesabu miezi mitano, siku 150 hivi, utapata kitoto, na mara nyingi wawili.

Hakuna maziwa bila kuzaa. Hili linajulikana na kila mtu wa kijijini lakini sisi tuliokulia mjini hulisahau tunapopanga. Ukinunua mtamba ambaye hajapandishwa, maziwa ya kwanza yako mbali: lazima akue hadi afikie karibu theluthi mbili ya uzito wa mbuzi mzima, jambo ambalo kwa mbuzi aliyelishwa vizuri ni miezi minane hadi kumi au zaidi, ndipo apandishwe, ndipo miezi mitano ya mimba. Nani atampandisha? Mfugaji mwenye mbuzi wawili hana sababu ya kufuga beberu wake, anayekula kama jike na hatoi maziwa. Anahitaji beberu wa jirani, na jirani huyo awe karibu, kwa sababu joto halisubiri usafiri wa kesho.

Tena beberu hawezi kukaa mahali pamoja daima. Baada ya muda mabinti zake wanakuwa tayari kupandwa, na akiwapanda wao, kizazi kinaanza kudhoofika: vitoto vidogo, maziwa yanayopungua, ulemavu. Mlima ukishakuwa na mbuzi waliotokana na mabeberu wachache, hatari hii ni kubwa, na mzee alinieleza kwamba vikundi hubadilishana mabeberu kati ya kijiji na kijiji kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Vitoto vya kiume hutengwa na mama na dada zao wakifika miezi mitatu, kwa sababu hupevuka mapema kuliko mtu anavyodhani, kisha huhasiwa na kuuzwa kwa nyama. Wachache walio bora sana huachwa.

Kenya walipita njia inayofanana. Meru, kuanzia miaka ya 1990, wafugaji wadogo walichanganya mbuzi wa kienyeji na Toggenburg, aina yenye asili ya bonde la jina hilohilo Uswisi, kwa msaada wa shirika la FARM-Africa, na Nyeri na wilaya jirani wakafuata Alpine wa Kijerumani. Kote huko kilichosimamisha kazi ni kikundi, daftari na beberu anayezungushwa. Nchini mwetu sehemu nyingi upo utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi: unapewa mtamba, na kitoto cha kwanza cha kike unamlipa mwenzako anayefuata. Ninauheshimu utaratibu huu kuliko mkopo wa fedha, kwa sababu deni lake hulipwa kwa kitu ambacho mbuzi mwenyewe amekizaa, na anayekuja kulipokea ni jirani ambaye atamchungulia mbuzi wako kila wiki.

Mama mwenyeji wangu alipewa mbuzi wake wa kwanza yeye, kwa jina lake. Kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na alinieleza kwamba mumewe alipofariki hakuna aliyemwondoa kwenye yale matuta. Mbuzi nao wakabaki. Mwanzoni, alisema, watu waliyakataa maziwa ya mbuzi, wengine wakicheka. Kilichowageuza ni chai. Mtu akinywa chai ya maziwa bila kuambiwa imetoka kwa nani, akaisifu, kisha akaambiwa, hana tena la kusema. Siku hizi yanayobaki nyumbani hugandishwa yakawa mtindi na kuuzwa.

Alinifundisha kukamua jioni. Kwanza mikono yangu kwa sabuni, kisha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kitambaa safi, kisha kukausha. Matone ya kwanza ya kila chuchu huenda kwenye kikombe cheusi, si kwenye chombo cha maziwa: ukiona mabonge au damu, kiwele kinaumwa na maziwa hayo hayanywewi. Chuchu haivutwi. Unaibana juu kwa kidole gumba na cha shahada ili maziwa yasirudi, kisha vidole vingine vinafuata kimoja kimoja kwenda chini. Mbuzi wangu wa kwanza alinigeukia akanitazama, akarudi kwenye pumba zake, na maziwa yakaanza kupiga ndani ya sufuria. Nilifurahi mno.

Wakati wa lishe nzuri mbuzi wake hutoa lita moja hadi moja na nusu kwa siku, na wiki za mwanzo baada ya kuzaa huweza kufika mbili. Mbuzi wa kienyeji hutoa kidogo tu, ambacho kitoto chake hukimaliza. Hizi si namba za kumtajirisha mtu. Zinatosha chai ya nyumba nzima, uji wa watoto, na wakati mwingine chupa moja ya kuuza. Nadhani ni sawa kabisa kuanza kwa matumaini ya ukubwa huo.

Maziwa huchujwa, huchemshwa, ndipo hunywewa. Mama ni mkali juu ya kuchemsha, na ana haki, kwa sababu ugonjwa wa brusela unaosababisha mbuzi kutupa mimba humwingia mtu kupitia maziwa mabichi na kumletea homa zisizoisha. Jambo jingine lisemwe wazi, maana nimesikia akina mama mjini wakishauriana vibaya: mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilelewe kwa maziwa ya mbuzi badala ya ya mama yake. Yana upungufu mkubwa wa foleti, na mtoto anayeyategemea huishiwa damu. Kwa mtoto mkubwa anayekula vyakula vingine, ni maziwa mazuri sana.

Usiku ule mbuzi mmoja alizaa. Mama aliniamsha, tukaenda na taa. Vilikuja viwili, wa kike na wa kiume. Akafuta pua zao kwa kitambaa, akakata kitovu na kukichovya kwenye dawa ya aidini, akavisogeza kwenye chuchu. "Dang'a lazima liingie tumboni upesi, saa ya kwanza ikiwezekana," akasema, na alipoona wa kike hana nguvu ya kunyonya, akalikamua akamnywesha taratibu kwa chupa. Ndani ya maziwa hayo ya mwanzo, mazito na ya njano, ndimo kitoto anapopata kinga anayoikosa kabisa anapozaliwa. Anayeanza kufuga anaweza kukosea mambo mengi na mbuzi wakavumilia, lakini hili halina subira. Asubuhi wote wawili walikuwa wamesimama.

Kisha tukafika kwenye swali lililonipeleka: je, mbuzi hawa watakubali pwani?

Mzee wa beberu alinijibu bila kunipamba. Mwenye damu nyingi ya Kinorwe atateseka Mkuranga. Atahema mchana, atakula kidogo, na kupe na mbung'o wa huko chini hajawazoea. Alinishauri nichukue chotara mwenye nusu ya damu ya kienyeji, ambaye mwili wake ni mdogo, maziwa yake ni pungufu kiasi, na uvumilivu wake ni mkubwa. Nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu ndiye niliyekuwa nikimtaka tangu mwanzo, mdogo wa kutosha kiwanja changu. Akaongeza kwamba banda la pwani lisijengwe kama la Nyandira. Huku wanaziba upepo, kule nitauita: kuta za fito zilizoachana, paa la makuti badala ya bati, kivuli cha mkorosho upande wa magharibi. Sakafu iliyoinuliwa ibaki vilevile, kwa sababu unyevunyevu wa masika ya pwani huleta minyoo na kuoza kwato.

Nilitaka kubeba vipandikizi vya Guatemala. Akakataa. Majani hayo yamezoea ukungu, alisema, nitafute malisho yaliyokwisha kuzoea kwangu. Tukakaa tukayaorodhesha: mabingobingo sehemu yenye unyevu karibu na kisima, glirisidia kuzunguka mpaka wote wa kiwanja kama uzio, lusina kidogo, maana ikizidi theluthi moja ya chakula sumu yake hudhuru wanyama. Majani ya muhogo ninayo tele, ila yanyaushwe juani siku nzima kabla ya kumpa mbuzi ili sumu yake ipungue. Pwani tuna pia mashudu ya nazi, ambayo Mgeta hawana, na hapo mzee alinionea wivu kidogo.

Chanjo tulizizungumza pia: sotoka ya mbuzi na kondoo, na homa ya mapafu. Nionane na ofisa mifugo wa kwetu kabla ya safari ya mbuzi, nijue zipi hutolewa na lini, na dawa ya minyoo ipangwe kabla na baada ya mvua. Mbuzi wasafiri usiku, miezi ya baridi, Juni au Julai, wakiwa na kibali cha kusafirisha mifugo. Wasiwe na mimba kubwa. Wakifika wapewe maji kwanza, na majani machache yaleyale waliyoyazoea yapakiwe pamoja nao kwa siku za mwanzo.

Wawili, si mmoja. Mbuzi mmoja peke yake hulia hadi akakonda, na hili kila mtu niliyemuuliza Mgeta alilirudia.

Niliwachagua mitamba wawili kwenye banda la mama, mmoja wa kijivu na mmoja mwenye baka jeupe usoni, mama zao nikiwa nimewakamua kwa mkono wangu na baba zao wakiwa kwenye daftari, mabeberu tofauti. Bei yao ni mara kadhaa ya mbuzi wa nyama na sikuibishia. Nilitaka kulipa yote. Mama alipokea sehemu tu, akasema nyingine nitatoa siku ya kuwachukua, na siku hiyo ataipanga yeye.

Tangu nirudi, glirisidia imechipua upande wa barabarani na mabingobingo yamefika kiunoni. Jirani wa kijiji cha pili, mwendo wa dakika chache kwa bodaboda, ana beberu chotara ambaye si wa ukoo wa mitamba wale, na tumekubaliana malipo ya kila kupandisha. Banda limebaki kuezekwa. Wiki iliyopita nilimtumia mama picha za malisho kwa simu ya kijana wake. Alijibu kwamba nikate yote sasa, nisubiri yaote tena, halafu nimpigie picha ya mavuno ya pili. Kama yatakuwa na urefu uleule, mzee ataandika jina langu kwenye daftari na mbuzi watashuka Juni.